UZI: Kukata bati la Inconel 625 kwa feri kloridi: masizi meusi, matundu hayalingani, utando unabanduka

Bati02

Wakuu salaam. Naomba msaada wa wanaozijua aloi za nikeli. Kazi ni vichujio vya bati la Inconel 625, unene milimita 0.20, matundu ya milimita 0.30, na kutoka kitovu cha tundu hadi kitovu cha jirani yake ni milimita 0.60. Mchoro unaruhusu tofauti ya milimita 0.02 tu juu au chini.

Mashine ni ya PVC, inapulizia pande zote mbili, nozeli zinacheza kushoto na kulia. Dawa ni feri kloridi ya nyuzi 42 Baumé (kipimo cha uzito wa kimiminika), joto 45 °C, presha baa 2. Utando wa picha (ngozi inayogandishwa kwa mwanga kupitia kiolezo, ikikinga chuma pasipotakiwa tundu) ni wa mikroni 40.

Chuma cha pua 304 cha unene huohuo kinatoboka kwa dakika 5. Hili la 625 linafika dakika 13, na ndani ya muda huo: (a) uso wa chuma unajaa masizi meusi yenye ukahawia, ukigusa yanabaki kidoleni, (b) matundu ya katikati ya bati ni madogo kuliko ya pembeni, (c) kuanzia dakika ya 10 utando unaanza kuinuka kwenye midomo ya matundu. Niongeze joto? Niongeze asidi? Au dawa yenyewe siyo?

MkemiaWaKloridi

Dawa ndiyo hiyohiyo, tatizo ni hali yake.

Kwanza tuelewe bati lenyewe. Inconel 625 ina kromi asilimia 20 hadi 23, molibdenamu 8 hadi 10, niobiamu pamoja na tantalamu 3.15 hadi 4.15, na sehemu kubwa iliyobaki ni nikeli. Aloi hii inahimili sana kloridi. Kile kipimo cha ASTM G48 (kiwango cha Marekani) cha kutafuta vishimo vya kutu hutumia feri kloridi ya asilimia 6, na 625 hukaa humo ikatoka salama. Wewe unaiomba ikubali kuliwa na kitu kilekile inachosifika kukikataa. Ndiyo maana nguvu ya dawa, joto lake na msukumo wa mpulizo lazima vyote viwe juu kwa pamoja. Kimoja kikilegea, ngozi ya oksaidi ya kromi inajifunga tena na mlo unasimama kwa madoadoa: hapa umekula, hapa haujala.

Kinachofanya kazi ni feri yenye chaji tatu. Atomu moja ya nikeli inatumia feri mbili, ya kromi inatumia tatu, na molibdenamu inatumia zaidi ya hapo. Kwa hesabu ya karatasi, gramu 100 za 625 zinamaliza karibu moli 4 za feri. Lita moja ya dawa mpya ya nyuzi 42 ina takriban moli 3.4. Na huwezi kuitumia mpaka tone la mwisho: robo ya feri ikishatumika, mwendo umeshashuka na kingo zimeanza kuharibika. Kwa hiyo bila kuifufua dawa, lita moja ihesabie gramu 20 hadi 22 za chuma kilichoyeyuka, basi.

Swali langu kwako: unapima nini zaidi ya Baumé?

Bati02

Napima Baumé tu kwa haidromita, kila asubuhi. Inasoma 42 hadi 43, nikajua dawa ni nzima.

MkemiaWaKloridi

Hapo ndipo ulipopotea, na wengi hupotea hapo. Haidromita inapima uzito wa maji, haipimi uwezo wa kula. Chuma kinavyoyeyuka, nikeli kloridi na kromi kloridi zinabaki ndani ya dawa na kuongeza uzito. Dawa iliyochoka inaweza kusoma 43 kwa raha zake. Pia ukichota ikiwa na moto wa 45 °C inasoma chini kuliko ukweli, basi ipoze hadi 20 °C kwanza.

Pima feri yenyewe. Chukua mililita 10 za dawa, ongeza maji yaliyochujwa hadi zifike mililita 100. Katika mchanganyiko huo chota mililita 10, weka kwenye chupa yenye maji kidogo na asidi hidrokloriki kidogo, tia gramu 3 za potasi iodidi, funika, weka gizani dakika 5. Rangi itakuwa nyekundu ya kahawia. Dondosha sodiamu thiosulfati ya 0.1 moli kwa lita mpaka ibaki njano hafifu, hapo ndipo utie wanga, uendelee mpaka buluu ipotee. Ukitia wanga mapema iodini inashikana nayo na mwisho hauonekani vizuri. Kila mililita ya thiosulfati ni moli 0.1 ya feri kwa lita ya dawa yako. Dawa mpya itakula karibu mililita 34. Ukipata 25 au chini ya hapo, usipoteze bati.

Kwa kazi ya kila siku weka kipima redoksi cha milivoti (kinachoonyesha nguvu ya dawa ya kula) kwenye tanki. Namba ya mtu mwingine usiichukue, kwa sababu inategemea elektrodi na joto. Andika inachosoma dawa yako ikiwa mpya, kisha ilinganishe na majibu ya thiosulfati kwa wiki mbili hivi. Baada ya hapo milivoti peke yake inatosha kukuambia.

FundiNozeli

Naongeza upande wa mashine. 45 °C ni baridi kwa 625. Panda hadi 52, mwisho 54. Tanki la PVC usilipeleke 60, litalegea. Koili za joto ziwe za titani, maana titani inakaa vizuri ndani ya feri kloridi. Koili ya chuma cha pua itakuwa ndiyo kazi inayoliwa badala ya bati.

Nguvu: kwa 625 napendekeza nyuzi 43 hadi 44 za dawa *safi*, siyo za dawa iliyojaa nikeli. Dawa nyepesi ya 38 inakula upesi zaidi lakini uso unatoka kama msasa. Nzito inakwenda taratibu kidogo na uso unalainika.

Asidi huru: ongeza asidi hidrokloriki ya asilimia 37, mililita 30 kwa kila lita ya dawa. Hiyo inakupa takriban asilimia 1. Itie polepole huku pampu inazungusha na feni ya kutoa moshi inafanya kazi. Kazi ya asidi hapa ni kuzuia feri na molibdenamu zisigeuke tope juu ya chuma. Ukizidisha ukafika asilimia 4 au 5, utando wako ndio utakaolia.

Bati02

Nimesoma kwamba wengine wanatia asidi ya nitriki. Hiyo je?

FundiNozeli

Inaharakisha, ni kweli. Lakini nitriki na hidrokloriki zikikutana zinatoa klorini na gesi za naitrojeni za rangi ya kahawia, na mashine ya kawaida ya kupulizia haikujengewa gesi hizo. Mpulizo unazisambaza chumba kizima. Utando wa picha nao unakuwa mgumu na kupasuka. Kwa bati la 0.20 huna sababu ya kwenda huko. Rekebisha joto na feri kwanza.

Kiolezo_Safi

Nizungumzie utando, maana hapo (c) inaanzia mbali kabla ya mashine.

Bati la 625 linatoka kiwandani likiwa limeviringishwa laini sana, kama kioo. Utando haupati pa kushika. Osha mafuta kwa sabuni ya alkali ya 60 °C, dakika 5, suuza. Kisha sugua kwa unga wa pumisi na maji, au pulizia alumina laini pamoja na maji, upande wa mbele na wa nyuma kwa kiasi kilekile. Unataka ukwaruzo wa mikroni 0.2 hadi 0.4, si zaidi. Halafu chovya dakika 1 kwenye hidrokloriki ya asilimia 10, suuza, simamisha bati wima. Maji yakishuka kama shuka moja kwa sekunde 30 bila kukatika, bati ni safi. Yakikatika na kujikusanya kama matone juu ya jani la mgomba, rudi mwanzo. Hakuna njia ya mkato hapo.

Kausha 100 °C dakika 10, na ubandike bati likiwa bado na joto la 40 hadi 50. Rola 105 °C, mwendo mita 1 kwa dakika. Subiri dakika 15 kabla ya kuanika kwenye mwanga.

Mwanga: tumia ukanda wa ngazi 21 (ukanda wa kupima mwanga, wenye ngazi za weusi) kila unapobadilisha taa au boksi la utando, na ulenge ngazi ya 8. Kuosha (kuondoa utando usiopata mwanga): sodiamu kaboneti asilimia 1, joto 29 °C, na utando uwe umefunguka wote bati likiwa katikati ya chumba cha kuoshea. Ukifunguka mwishoni kabisa, ndani ya matundu madogo kunabaki ngozi nyembamba isiyoonekana kwa macho, na matundu hayo yatachelewa kuanza kuliwa. Tazama kwa lenzi ya mara 10 bati likiwa limeinama kwenye mwanga: chuma kinang'aa, ngozi inafifisha mng'ao.

Baada ya kuosha choma 110 °C kwa dakika 10. Utando unashika zaidi, ila kuutoa baadaye kutachukua muda mrefu kidogo.

Na mikroni 40 kwa matundu haya ni nene. Utaona kwenye hesabu ya kiolezo.

MizaniYaMikroni

Hesabu ni hii. Dawa haishuki chini tu, inakula pembeni pia, chini ya utando. Gawanya kina kwa kiasi kilicholiwa pembeni, upande mmoja wa mdomo, utapata uwiano. Kwa 625 kwenye dawa nzima anza na 1.5.

Bati lako ni 0.20 na unakula pande zote mbili, kila upande unashuka 0.10. Gawanya 0.10 kwa 1.5, pembeni italiwa 0.067 kila upande wa tundu. Kwa hiyo tundu la kiolezo ni 0.30 ukitoa mara mbili ya 0.067, yaani 0.166. Mlango wa milimita 0.166 wenye kuta za utando wa mikroni 40 unakuwa kisima kidogo: dawa iliyochoka haitoki upesi na mpya haiingii upesi. Utando wa mikroni 25 hadi 30 utapunguza tofauti ya tundu na tundu, mradi uoshaji wa bati uwe kama alivyoeleza Kiolezo_Safi.

Usichore kazi nzima kwa namba hiyo. Chora kipande cha majaribio cha sentimita 5 kwa 5 chenye safu za matundu ya 0.14, 0.15, 0.16, 0.17, 0.18, 0.19. Kipitishe pamoja na dawa na muda utakaotumia kwenye kazi. Pima tundu mahali lilipo dogo zaidi, siyo mdomoni. Pande mbili zikikutana, katikati ya ukuta wa tundu kunabaki mgongo mdogo uliochongoka. Toa bati mapema na mgongo huo utafika karibu asilimia 20 ya unene, yaani mikroni 40, na ndio utakaopitisha au kuzuia chembe kwenye kichujio. Ongeza muda kidogo baada ya kutoboka ili uliwe.

Kuhusu mchoro: 0.02 kwa bati la 0.20 ni asilimia 10 ya unene. Hapo ndipo ukomo wa kawaida wa njia hii. Inawezekana, lakini huna akiba. Violezo viwili vya juu na chini visipotofautiana zaidi ya 0.01 utakuwa salama. Vikizidi hapo, tundu linatoka limeinama.

Chembe8

Kitu ambacho hakijatajwa: cheti cha bati. Tafuta ukubwa wa chembe za chuma (fuwele ndogo zinazokiunda). Namba 5 ya ASTM ni chembe za wastani wa mikroni 64, kwa hiyo ndani ya bati la mikroni 200 kuna chembe tatu tu toka juu hadi chini. Dawa inafuata mipaka ya chembe, na ukuta wa tundu unatoka na meno. Namba 8 ni mikroni 22 hivi, ukuta unatulia. Agiza bati lililoviringishwa baridi na kulainishwa kwa moto, namba 8 au juu yake, na uandike hilo kwenye oda. Hakuna dawa itakayolainisha ukuta wa chembe namba 5.

Bati02

Cheti kinasema 8.5. Kumbe hapo niko vizuri. Na masizi?

MkemiaWaKloridi

Masizi ni mabaki ya niobiamu, pamoja na molibdenamu na kabaidi (chuma kilichoungana na kaboni). Nikeli, kromi na feri zinaondoka na dawa. Niobiamu haikai ndani ya dawa hii. Inageuka oksaidi yenye maji, laini kama uji mwepesi, na kabaidi za niobiamu haziyeyuki kabisa, zinabaki zimejibanza ukutani kama punje za mchanga. Uji huo ukiganda juu ya chuma, dawa inapita kwa shida. Sehemu ya sababu ya mwendo wako wa polepole ni hiyo.

Mambo mawili yanasaidia kuliko dawa yoyote ya ziada.

La kwanza, kata mlo katikati. Kila dakika 3 hadi 4 toa bati, lipulizie hidrokloriki ya asilimia 5, kisha maji ya baa 3 kwa nozeli ya feni, lirudishe likiwa bichi. Usianze na maji matupu: feri iliyobaki juu ya bati itageuka kutu palepale na kuongeza tope juu ya tope.

La pili, na hili lishikeni sana: bati lisikauke likiwa na masizi. Oksaidi ya niobiamu ikiwa mbichi inatoka. Ikikauka inakuwa ngumu na asidi za kawaida haziiwezi. Likitoka mwisho, moja kwa moja kwenye maji, toka kwenye maji moja kwa moja kwenye tanki la kutoa utando.

Na kwenye tanki hilo tumia *potasi* haidroksaidi, asilimia 4 hadi 5, joto 55 °C, badala ya soda kostiki. Chumvi ya niobiamu na potasi inayeyuka kwenye maji, ya niobiamu na sodiamu haiyeyuki vizuri. Badiliko hilo moja linaondoa sehemu kubwa ya masizi wakati uleule utando unatoka. Malizia kwa mawimbi ya sauti ndani ya maji moto dakika 5.

Kama yamebaki: potasi pamanganeti gramu 50 na soda kostiki gramu 100 kwa lita, 85 °C, dakika 20, suuza sana, kisha asidi oksaliki asilimia 5 ya uvuguvugu kuondoa rangi ya kahawia ya manganisi. Maji ya pamanganeti yasikutane na hidrokloriki hata kwa bahati mbaya, yanatoa klorini. Na yana kromi yenye chaji sita, sumu, kwa hiyo yawekewe pipa lake peke yake.

Wapo wanaotumia nitriki na hidrofloriki. Inafanya kazi upesi, lakini hidrofloriki inapenya ngozi hadi mfupa bila maumivu ya mwanzo. Pasipo jeli ya kalsiamu glukoneti mkononi na watu waliofunzwa, isiingie karakana.

FundiNozeli

Na (b), matundu ya katikati kuwa madogo: upande wa juu dawa inasimama kama dimbwi katikati ya bati, haiondoki mpaka ifike ukingoni. Upande wa chini inadondoka yenyewe. Pandisha presha ya juu iwe baa 2.6, ya chini ibaki 2.0, na kila unapotoa bati kusuuza ligeuze: juu iwe chini na mbele iwe nyuma. Chomoa nozeli zote uangalie. Moja iliyoziba nusu inaacha mstari wa matundu madogo urefu wote wa bati.

Swali_la_718

Nadandia uzi. Nina Inconel 718, milimita 0.25. Mteja anataka iliyokomazwa (iliyoongezwa ugumu kwa joto la tanuri). Nikate kabla au baada?

Chembe8

Kabla. Ikiwa imelainishwa inaliwa kwa utaratibu. Ikishakomazwa kuna vitu vingi vilivyojitenga kwenye mipaka ya chembe na uso unaharibika. Niobiamu ya 718 ni 4.75 hadi 5.5, kwa hiyo masizi yatakuwa mengi kuliko ya 625.

Ukomazaji wa kawaida ni 720 °C saa 8, kushuka 55 °C kwa saa hadi 620, kisha kukaa hapo mpaka jumla itimie saa 18. Bati litasinyaa takriban asilimia 0.08. Kwa sentimita 10 ni milimita 0.08, mara nne ya uvumilivu wa Bati02. Kikuze kiolezo kwa kiasi hicho tangu mwanzo.

Kabla ya tanuri pasiwe na alama ya kalamu, mafuta, wala alama za vidole. Salfa na nikeli hutengeneza mchanganyiko unaoyeyuka kwenye kiasi cha 640 °C, na bati linapasuka kwenye mipaka ya chembe.

Tanki_la_Taka

Dawa iliyokwisha isimwagwe. Ina nikeli, na nikeli ni ya kuheshimiwa: inaleta mzio wa ngozi, na vumbi la chumvi zake linahusishwa na saratani. Maji ya kusuuza yatibu kwa hatua mbili: chokaa hadi pH 8.5, feri na kromi zitashuka, chuja. Kisha panda hadi 10.5, nikeli ishuke, chuja tena. Ukiruka moja kwa moja hadi juu, kromi inaanza kurudi ndani ya maji. Tope ni taka hatarishi. Kwa walio Tanzania mkabidhi mwenye kibali cha NEMC, Kenya NEMA (mamlaka za mazingira).

Kufufua dawa: peroksaidi ya asilimia 35, lita 1 inaenda na takriban lita 2 za hidrokloriki ya 37. Tanguliza asidi, kisha peroksaidi kwa mfereji mwembamba, joto lisipite 55. Maji yake yanapunguza Baumé, hivyo kila baada ya muda toa sehemu ya dawa na ujazie mpya nzito. Nikeli haiondoki kwa kufufua.

Bati02

Mrejesho. Dawa ya zamani imesoma mililita 21 za thiosulfati, wakati haidromita inasema 43. Nimeweka mpya nyuzi 44, asidi kama ilivyoelezwa, 53 °C, utando mikroni 30, kusuuza kila dakika 3. Kipande cha majaribio kimetoboka dakika 8 na mgongo umeisha dakika 9 na nusu. Safu ya 0.17 imetoa 0.295 hadi 0.310. Utando haujabanduka. Masizi yametoka na potasi, pamanganeti sikuihitaji. Kilichobaki: kwenye bati kubwa safu mbili za ukingoni zimefika 0.325.

MizaniYaMikroni

Ukingo unapata dawa mpya zaidi kwa sababu nje yake hakuna chuma kinachoitumia. Zungushia kazi fremu ya matundu ya bure, upana wa milimita 10, yenye ukubwa na nafasi zilezile, itakayokatwa na kutupwa. Safu za kazi zitajiona ziko katikati. Na tundu la kiolezo lishushe liwe 0.168.